Tarakimu za Sinema na Wadai Wake

Haupiti mwaka ila magazeti hutangaza kwamba filamu fulani imeziacha nyuma kwa mapato filamu zote zilizoitangulia, na msomaji, ambaye hana sababu ya kuitilia shaka habari iliyopambwa kwa mabilioni ya dola, hulikunja gazeti lake akiwa na yakini kwamba walimwengu wa leo wanaipenda sinema kuliko walivyoipenda wazazi wao. Avatar ya James Cameron, iliyotoka Desemba 2009, iliipita Titanic ya mwongozaji huyo huyo. Julai 2019 Avengers: Endgame ikaipita Avatar. Na Machi 2021 Avatar, baada ya kuonyeshwa upya nchini China, ikakirudia kiti chake ikiwa na jumla ambayo sasa imezidi dola bilioni 2.9. Habari hizo ni za kweli. Walakini ukweli wa tarakimu ni jambo moja na maana yake ni jambo jingine, na katika tasnia ya filamu umbali baina ya mambo hayo mawili ni mkubwa kuliko katika biashara nyingi nizijuazo.

Rai yangu ni kwamba hesabu za sinema, isipokuwa chache nitakazozitaja baadaye, hazikuandikwa ili kumnufaisha mtafiti. Ziliandikwa kwa sababu palikuwa na mtu aliyedai: serikali ilidai kodi, msambazaji alidai fungu lake la mapato ya mlangoni, mtunzi alidai haki ya kalamu yake, mwenye hisa alidai habari za mali yake. Palipokuwa na mdai pana daftari, na pasipokuwa na mdai pana masimulizi. Kwa hiyo mtu atakaye kuchora mstari wa mwenendo wowote, uwe wa kupanda au wa kushuka, yampasa kwanza aulize ni nani aliyekuwa akimdai nani siku hesabu ilipoandikwa, na deni lile lilipimwa kwa kipimo gani.

Tuanze na Uingereza, kwa kuwa daftari lake ni refu na halina makuu. Kodi ya burudani iliwekwa huko mwaka 1916, vita vikuu vya kwanza vilipokuwa vikiila hazina ya nchi, na haikuondolewa mpaka 1960; kwa muda huo mkato wa tiketi ulikuwa pia ni mkato wa kodi, na mtu aliyeingia ukumbini kucheka au kulia aliacha nyuma yake alama katika vitabu vya mtoza ushuru. Twajua basi kwamba mwaka 1946 watu waliingia sinema mara milioni 1,635 katika nchi isiyofikia watu milioni 50, maana yake, ukigawa sawasawa bila ya kuwatenga vikongwe wala watoto wachanga, ni zaidi ya mara 30 kwa kila mtu kwa mwaka mmoja. Mwaka 1984 tiketi zilikuwa milioni 54, chini ya moja kwa kila mtu. Mwaka 2019, mwaka ule ule wa ushindi wa Endgame, zilikuwa milioni 176, yaani kiasi cha sehemu moja ya kumi ya zile za 1946.

Ada ya watu ni kuilaumu televisheni, na hapana shaka ilikuwa na mkono wake, maana kutawazwa kwa Malkia Elizabeth mwezi wa Juni 1953 kulizishawishi nyumba nyingi kununua chombo hicho, na matangazo ya televisheni ya biashara yakaanza 1955; nazo tiketi, zilizokuwa milioni 1,182 mwaka huo, zilibakia milioni 501 tu ilipofika 1960. Lakini lisomeni daftari pande zote mbili. Mteremko ulianza mara baada ya 1946, televisheni ikiwa bado ni anasa ya wachache. Na kupanda tena kulikofuata baada ya mwaka 1984 hakukutanguliwa na televisheni kuondoka majumbani, bali mwishoni mwa 1985 ulifunguliwa katika mji mpya wa Milton Keynes ukumbi wenye viwambo kumi, wenye maegesho na viti vya raha, na baada yake zikajengwa kumbi za namna hiyo katika nchi nzima. Kwa muda wa miaka mingi wenye sinema walikuwa wamewaachia wateja majumba makuukuu katikati ya miji ambayo wakazi wake walikwisha kuhamia pembezoni. Mimi husema kwamba televisheni imebebeshwa dhambi ambayo sehemu yake kubwa ni ya wenye majumba.

Hollywood ilihesabu fedha, kwa kuwa deni lake lilikuwa la fedha. Gazeti la Variety, lililoanzishwa 1905 na kuwa kama msajili wa biashara hiyo, kwa miongo mingi liliorodhesha filamu zilizofanikiwa kwa kutaja kiasi kilichorudi kwa msambazaji baada ya mwenye ukumbi kukata chake, wala halikutaja jumla ya fedha zilizopokelewa dirishani, na kiasi hicho aghalabu kilikuwa karibu na nusu ya jumla. Leo tunatangaziwa jumla. Mtu akiziweka tarakimu za zamani kando ya hizi za sasa bila ya kulijua hilo, amelinganisha pato la mtu mmoja na pato la wawili, kisha akastaajabu kwamba la wawili ni kubwa.

Hata tukiacha hilo, fedha hubadilika thamani. Mwaka 2002 kumbi za Marekani na Kanada zilipokea kiasi cha dola bilioni 9.1, na mwaka 2019 zilipokea kiasi cha bilioni 11.4, mwenye kutazama mapato ataandika kwamba biashara imenawiri. Lakini bei ya wastani ya tiketi katika muda huo ilipanda kutoka dola 5.81 hadi dola 9.16, kwa hiyo tiketi zilipungua kutoka takriban milioni 1,570 hadi milioni 1,240, ilhali watu wa nchi hizo waliongezeka. Na hapa msomaji mwenye jicho kali ataona kitu: idadi hii ya tiketi za Marekani hupatikana kwa kugawa mapato kwa bei ya wastani inayotolewa na chama cha wenye kumbi. Tiketi zenyewe hazikuhesabiwa moja moja, kwa sababu hapakuwa na mdai aliyelipwa kwa idadi ya vichwa.

Kwa njia hiyo hiyo ya kukisia husemwa kwamba Gone with the Wind ya 1939, iliyotoka wakati wastani wa bei ya tiketi haujatimia robo dola, iliuza nchini Marekani tiketi zipatazo milioni 200 katika maonyesho yake yote, ilhali Endgame, kwa mapato yake ya huko ya dola milioni 858, haikufikia nusu ya hizo. Wapenzi wa zamani huitumia hesabu hiyo kuwatambia vijana. Insafu inatutaka tukumbuke kwamba filamu ile ilirudishwa kumbini mara baada ya mara kwa miongo, na kwamba hadi 1976 haikuonekana katika televisheni, hata aliyetaka kuiona hakuwa na njia ila kulipa mlangoni.

Deni la fedha lilizaa pia desturi ya haraka. Katika mikataba ya Hollywood fungu la msambazaji lilizoea kuwa nono katika majuma ya kwanza na kupungua kadiri filamu ilivyokawia, kwa hiyo mwenye filamu alikuwa na haja ya umati wa mapema, na mwenye ukumbi alikuwa na haja ya filamu inayokaa. Jaws ilifunguliwa mwezi wa Juni 1975 katika kumbi 409 za Marekani kwa siku moja, ikahesabiwa kuwa ni ujasiri mkubwa. Endgame ilifunguliwa katika kumbi zaidi ya 4,600. Titanic ilianza na dola milioni 28.6 mwisho wa juma lake la kwanza, ikashika nafasi ya kwanza kwa majuma 15 mfululizo na kumaliza na milioni 600; Endgame ilichuma milioni 357 katika siku zake tatu za mwanzo, kiasi kinachozidi khumusi mbili za yote iliyopata katika nchi ile. Huo ndio mwenendo mkubwa kabisa wa nusu karne iliyopita, mkubwa kuliko kupanda na kushuka kwa jumla, nao hauonekani katika orodha za rekodi. Wala msishangae kwamba hesabu itangazwayo kila Jumapili, inayonakiliwa na magazeti ya dunia, hutolewa kabla maonyesho ya Jumapili yenyewe hayajesha: sehemu yake ni makisio ya wenye filamu, na hesabu kamili hufuata Jumatatu, vichwa vya habari vikiwa vimekwisha kuchapwa.

Wapo waliotaka kuyageuza haya yote kuwa elimu ya kubashiri, na hapo ndipo palipo na fundisho la takwimu ambalo, kwa maoni yangu, watu wa sinema hawajalitia moyoni. Wataalamu wa uchumi Arthur De Vany na David Walls walichunguza filamu zaidi ya elfu mbili za miaka ya 1980 na 1990, na katika makala waliyoitoa mwaka 1999 walionyesha kwamba mapato ya filamu hayana umbo lile la kengele tulilofundishwa shuleni, ambamo wengi hukusanyika katikati na wachache hubaki pembeni. Filamu nyingi hupata kidogo, chache mno hupata kingi kupita kiasi, na zile chache ndizo zinazouvuta wastani wa zote. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba filamu tisa zimepata milioni moja kila moja na ya kumi imepata milioni 300: wastani wake ni karibu milioni 31, na hakuna hata moja kati ya hizo kumi iliyoikaribia tarakimu hiyo. Ongeza filamu ya kumi na moja iliyofanikiwa mno na wastani utaruka tena, ondoa moja nao utaanguka, hautulii kamwe. Ama nyota wa sinema, ambao kila tajiri huwanunua akidhani ananunua salama, uchunguzi ule haukuona kwamba jina la nyota laweza kuihakikishia filamu mafanikio.

Mifano iko wazi. Mwaka 1980 Heaven's Gate, kazi ya Michael Cimino aliyekuwa ametoka kutunukiwa tuzo za Oscar, iligharimu kiasi cha dola milioni 44 na ikarudisha nchini Marekani milioni tatu na nusu, na mwaka uliofuata kampuni ya United Artists iliyoitoa ikauzwa kwa MGM. Mwaka 1999 The Blair Witch Project, iliyopigwa porini na vijana wasiojulikana kwa makumi ya maelfu ya dola tu, ilipata duniani karibu dola milioni 250. Kisha akatokea Ryan Kavanaugh na kampuni yake ya Relativity Media, aliyewaambia wenye mitaji kwamba kompyuta yake, kwa kuijaribu kila filamu maelfu ya mara katika hesabu za bahati nasibu, ingewaonyesha iliyo salama na iliyo hatari. Wakamwamini, naye akasifiwa sana, mpaka mwezi wa Julai 2015 kampuni ilipokwenda mahakamani kuomba kinga ya muflisi. Simdhihaki. Hesabu ambayo msingi wake ni wastani usiotulia haiwezi kutulia yenyewe, hata ikirudiwa mara milioni.

Na ikiwa mapato ni vigumu kuyasoma, seuze faida. Mcheshi na mwandishi wa magazeti Art Buchwald alidai kwamba wazo la Coming to America ya 1988 lilikuwa lake, na mkataba wake ulimwahidi sehemu ya faida halisi. Filamu ilikusanya duniani zaidi ya dola milioni 280, na bado wahasibu wa Paramount wakaonyesha kwamba faida halisi haikuwapo. Mwaka 1990 jaji wa Los Angeles aliitazama kanuni iliyotumika kuipata faida hiyo akaiona ni dhuluma isiyovumilika. Mdai akiwa dhaifu, daftari humwandikia sifuri.

Wafaransa walipita njia nyingine, nami nakiri kwamba moyo wangu uko kwao. Mwaka 1946 waliunda chombo cha taifa cha kusimamia sinema, na tangu 1948 hutoza kodi katika kila tiketi, ambayo siku hizi ni asilimia 10.72, lakini kodi hiyo haimezwi na hazina: huwekwa katika mfuko unaorudi kwa watayarishaji, wasambazaji na wenye kumbi wenyewe, na mtayarishaji aliyeuza tiketi nyingi huwekewa akiba kubwa zaidi ya kutengenezea filamu yake ijayo. Kwa mpango huo kila tiketi yatakikana iwe na namba yake na itolewe taarifa yake, na mwenye kuficha tiketi amemnyima mwenziwe riziki. Matokeo yake ni daftari la vichwa vya watu: milioni 411 mwaka 1957, milioni 116 mwaka 1992, milioni 213 mwaka 2019. Na kwa kuwa Wafaransa hushindanisha filamu zao kwa watazamaji, wanaweza kusema bila ya kupepesa macho kwamba La Grande Vadrouille ya 1966, iliyoonwa na watu milioni 17, haikupitwa na filamu nyingine ya Kifaransa mpaka Bienvenue chez les Ch'tis ilipovuka milioni 20 mwaka 2008. Miaka 42 imo katika sentensi hiyo moja, na hakuna haja ya kurekebisha bei ya kitu chochote.

Nisije nikadhaniwa kusema kwamba mdai ni malaika. Mwezi wa Machi 2016 wenye mamlaka ya filamu nchini China waligundua kwamba mapato ya Ip Man 3 yalikuwa yameghushiwa: maonyesho zaidi ya 7,600 yenye thamani ya yuani milioni 32 hayakuwa na watu ndani yake, na tiketi nyingine za mamilioni zilinunuliwa kwa fedha za msambazaji mwenyewe, kwa kuwa kulikuwa na wenye mitaji ambao fungu lao lilitegemea filamu ionekane imeshinda. Kwa kawaida mwenye kudaiwa hupunguza hesabu. Hapa waliokuwa na maslahi waliizidisha. Mchunguzi humjua mwongo kwa kuujua upande ambao faida yake imelalia.

Ushahidi ulio karibu zaidi na zama zetu ni wa huduma za kutazama filamu kupitia intaneti. Netflix, inayopokea ada ya mwezi na haiuzi tiketi, kwa miaka mingi haikuona sababu ya kumwambia mtu yeyote nani ametazama nini. Mwishoni mwa 2018 ilijitangazia kwamba akaunti milioni 45 zimetazama Bird Box katika siku saba, na kipimo chake wakati ule kilikuwa kutazama asilimia 70 ya filamu. Mwanzoni mwa 2020 ikakigeuza: aliyetazama dakika mbili alihesabiwa kuwa mtazamaji, na kampuni yenyewe ilieleza kwamba kipimo kipya huzipandisha tarakimu kwa kiasi cha asilimia 35. Mwaka 2021 ikahamia kuhesabu saa, na mwaka 2023 ikaanza kugawa saa kwa urefu wa filamu. Mtu anayechora mwenendo wa watazamaji wake kutoka 2018 hadi leo amechora mwenendo wa vipimo vinne.

Kilichobadilisha mambo ni madai. Mwezi wa Mei 2023 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma kwa siku 148, na waigizaji wakaungana nao mwezi wa Julai, na miongoni mwa malalamiko yao makubwa lilikuwa hili, kwamba malipo ya marudio yaliyokuwa yakiwafikia kila kazi zao zilipoonyeshwa tena katika televisheni yamekauka katika huduma hizi, nao hawana njia ya kudai kwa kuwa hawaonyeshwi hesabu. Mkataba uliowarudisha waandishi kazini uliwapa bakshishi kwa kazi itakayotazamwa na kiasi cha khumusi moja ya wateja wa ndani katika siku 90 za mwanzo, na ukazilazimisha kampuni kukipa chama chao, kwa siri, jumla ya saa zilizotazamwa. Haukwisha mwaka huo kabla ya Netflix kutoa hadharani orodha ya majina zaidi ya 18,000 pamoja na saa zake. Wapo watakaosema kwamba ilifanya hivyo kwa ukarimu. Mimi naona mgomo.

Ziko hesabu zisizo na mdai, na hizo zilifanywa na watu kwa mapenzi tu. Mwanahistoria Barry Salt tangu miaka ya 1970 alikaa na filamu za kale akihesabu idadi ya mikato ili ajue wastani wa muda wa kila pigo la kamera, na wengine, kama vile Yuri Tsivian na James Cutting, wakaiendeleza kazi hiyo kwa kompyuta. Kutokana nao twajua kwamba filamu za Hollywood za kati ya 1930 na 1960 zilizoea kukaa juu ya picha moja kwa sekunde nane hadi kumi na moja, na kwamba za zama zetu aghalabu hukaa kwa sekunde tatu hadi sita. Haya ni maarifa matamu, lakini nayo yana upungufu wake. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha uchunguzi wa David Pierce ulioonyesha kwamba katika filamu ndefu zisizo na sauti karibu 11,000 zilizotolewa na kampuni za Marekani kati ya 1912 na 1929, zilizosalia katika hali yake ya asili ni asilimia 14 tu. Zilizobaki ziliungua, zilioza, au zilitupwa na wenyewe, maana sauti ilipoingia hazikuwa na mtu wa kuzilipia. Anayeandika juu ya mwenendo wa filamu bubu anaandika juu ya zilizookoka, na zilizookoka hazikuchaguliwa kwa kura.

Na sisi tuko wapi? Bara letu liliingia katika daftari la dunia kwa kishindo mwaka 2009, pale UNESCO ilipotangaza kwamba katika mwaka 2006 India ilitengeneza filamu 1,091, Nigeria 872, na Marekani 485, hata kila mwenye kusema habari za Nollywood tangu hapo hujivunia nafasi ya pili. Sawa na ajivunie. Lakini akumbuke kwamba filamu zile za Nigeria zote zilikuwa za video, na kwamba kipimo kilikuwa idadi ya kazi, ambayo haituelezi zilionwa na wangapi wala zilimlipa nani. Ripoti nyingine ya UNESCO, ya mwaka 2021, inasema kwamba Afrika ina kiwambo kimoja kwa kila watu 787,402. Tarakimu hiyo hunukuliwa kwa heshima kubwa kwa sababu ya ile mbili ya mwishoni. Basi chukueni kalamu mgawe milioni moja kwa 1.27, mtaipata kama ilivyo. Usahihi wake ni wa kugawanya, wala hakuna aliyekwenda kuhesabu watu hadi mtu wa mwisho.

Tanzania tunayo sheria ya filamu na michezo ya kuigiza tangu 1976 na Bodi ya Filamu inayokagua na kuweka madaraja, kwa hiyo kazi zilizopelekwa kukaguliwa zina mahali zilipoandikwa. Lakini wakati Bongo Movie ilipokuwa katika uzuri wake, siku za mwigizaji marehemu Steven Kanumba, mtayarishaji alizoea kumuuzia msambazaji haki zote za filamu kwa bei ya mkupuo. Akishaipokea fedha yake hakuwa tena na dai, na kwa kuwa hakuwa na dai hakuwa na sababu wala uwezo wa kujua nakala zilizochapwa ni ngapi. Vibanda umiza vya mitaani, ambako filamu za Kihindi na za Kichina zilitafsiriwa kwa sauti ya wasimulizi akina Lufufu, vilikusanya shilingi kutoka mkononi hadi mkononi pasipo tiketi. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama sinema ya Kiswahili inapanda au inashuka, na akataka nimjibu kwa mchoro, namwelekeza kwa watu kama Laura Fair, aliyeandika kitabu mwaka 2018 juu ya watazamaji na wenye sinema wa miji ya Tanzania, akawahoji waliokuwa wakipanga foleni na kuzichungua kumbukumbu zilizosalia. Huko atapata historia njema, ingawa hatapata mchoro.

Mara moja tuliukaribia mpango ulio bora. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kubandika stempu za kodi katika kazi za filamu na muziki, na kila stempu ilikuwa hesabu ya nakala moja, kwa hiyo kwa mara ya kwanza mtayarishaji angeweza kumwonyesha msambazaji tarakimu isiyotoka mdomoni mwa msambazaji mwenyewe. Santuri zile zimekwisha kupisha simu na chaneli za televisheni, na deni limehamia huko. Ombi langu basi kwa Bodi ya Filamu na kwa Mamlaka ya Mapato, na kwa wenzao wa Nairobi na Kampala, ni kwamba kila tiketi ya ukumbini na kila filamu inayolipiwa kwa simu iandikwe kwa jina la filamu, siku na bei. Kwamba jumla zake zitangazwe kila mwezi kwa idadi ya watu kwanza na fedha baadaye. Na kwamba mkataba wa mtayarishaji usihesabiwe kuwa halali mpaka umpe haki ya kulifungua daftari hilo na kudai fungu lake kwa kila kichwa kilichoingia.